Mkono wa Baba na Breki ya Mbele

Juzi jirani yangu hapa Bungoma alifungua chupa ya oili ya breki uani, karibu na kamba yangu ya nguo, nami nikaacha shuka likining'inia upande mmoja nikaingia ndani kuketi. Harufu yenyewe si kali. Inakaribia ya samaki aliyeoshwa lakini hajatiwa chumvi, na ndani yake kuna utamu kidogo wa dawa ya kikohozi. Wengine hawaisikii kabisa. Mimi naisikia hata chupa ikifunguliwa nyumba ya pili, na nikiisikia tu ninakuwa mtoto tena, nimechuchumaa kwenye sakafu ya simiti kule Matisi, Kitale, nikimwangalia Baba akiinamia pikipiki yake kwa uso wa mtu aliyekosewa adabu.

Tuliishi chumba kimoja: Baba, Mama, mimi, mdogo wangu Barasa, na pikipiki. Sisemi hivyo kwa mzaha. Pikipiki ililala ndani kama sisi, kati ya kitanda na kabati ya vyombo, kwa sababu ya wezi, na ukitaka kupita ilibidi ubane tumbo. Ilikuwa nyekundu. Baba alikuwa mtu wa bodaboda, na kila tulichokula, tulichovaa na tulichosomea kilitoka juu ya kiti cha ile pikipiki. Asubuhi kabla ya kwenda steji kungoja abiria alitupeleka shule, Barasa akiwa mbele juu ya tangi, mimi nyuma nimemkumbatia kiunoni, uso wangu ukiwa kwenye jaketi lake lililonuka moshi na mvua. Hapo ndipo mahali nilipopapenda kuliko pote duniani, na mpaka leo sijapata pengine.

Sijui mambo yalianza lini hasa. Ninachokumbuka ni jioni moja Baba akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, chai yake inapoa, naye anafinya liva ya breki ya mbele, ile iliyo upande wa mkono wa kulia. Anafinya, anaachilia, anafinya tena.

"Mama Nasimiyu, hii breki imekuwa laini," akasema. "Nikifinya ni kama hakuna kitu. Ni kama kufinya mkate."

Nieleze kidogo kwa asiyeendesha. Liva iliyo nzima hukubali kidogo halafu hukataa, na hapo ndipo vidole hujua kwamba gurudumu limeshikwa. Iliyolegea huja tu, huja mpaka inagusa mpini, na pikipiki inaendelea na safari yake kana kwamba hujasema neno. Mara nyingi huwa ni hewa imeingia kwenye oili. Hewa hukubali kubanwa, oili haikubali. Haya niliyajua kabla sijajua kugawanya, kwa sababu msimu ule nyumbani kwetu hakukuzungumzwa kitu kingine.

Fundi wake aliitwa Njoroge, mtoto wa zile familia za wakulima zilizohamia Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati, mtu wa maneno mengi na roho safi. Karakana yake ilikuwa banda la mabati lisilo na mlango. Mara ya kwanza alikuta hewa kweli. Alichomeka kamrija ka plastiki kwenye skrubu ya kutolea hewa kule chini karibu na diski, akatia upande wa pili ndani ya chupa ya soda, akamwambia Baba afinye liva, na mimi niliyeachwa pale baada ya shule nikaona mapovu madogo madogo yakikimbizana ndani ya kamrija. Nilifurahi sana. Nilidhani huo ndio ugonjwa wenyewe, nimeuona kwa macho ukitoka.

Wiki haikwisha, Baba akarudi kwa Njoroge na malalamiko yaleyale. Njoroge akabadilisha pedi. Akakagua mpira wa oili kutoka juu hadi chini akitafuta mahali panapovuja, akiupitisha kwenye vidole polepole. Hapakuwa na tone. Akafungua pampu ndogo ya juu kwenye mpini, akaweka raba mpya ndani. Akamaliza, akaifinya liva mwenyewe, akamtazama Baba.

"Wafula, sikia bana. Hii sasa ni ngumu mpaka naogopa itavunjika. Shida iko wapi?"

"Shida iko hapo hapo. Wewe unaifinya ikiwa imesimama. Mimi ndio nashinda nayo barabarani."

"Ama unataka nikuandikie ati imepona?"

Watu wa steji waliokuwa wakingoja zamu yao wakacheka. Baba hakucheka. Alikuwa mtu mpole ambaye hakuzoea kubishana, na nadhani alianza kuogopa kwamba wanamdhania mlevi.

Basi akaamua kujitengenezea nyumbani. Kazi ya kutoa hewa inataka watu wawili, mmoja juu kwenye liva na mwingine chini na spana, na Mama ndiye aliyekuwa wa juu. Jumamosi baada ya kula, pikipiki ikiwa katikati ya chumba na Barasa amezuiwa kitandani, wangeanza.

"Finya."

"Nimefinya."

"Shikilia. Usiachilie kwanza."

"Si nimeshikilia?"

"Haya, achia."

Siku za kawaida wazazi wangu hawakuwa na maneno mengi kati yao, lakini Jumamosi hizo walizungumza hivyo kwa muda mrefu, sauti zao zikipokezana, na mimi nikilala nazo kichwani. Jioni moja Mama alifinya akakunja uso.

"Baba Nasimiyu, mbona mimi naisikia ngumu?"

"Mkono wako ni wa mwanamke. Kwako kila kitu ni kigumu."

"Ehe, na hii ndoo ya maji ninayobeba kila asubuhi nabeba na mkono wa nani?"

Wakacheka wote wawili. Ninakikumbuka kicheko hicho vizuri kwa sababu baadaye kilikuwa haba.

Njoroge alimfundisha pia dawa moja ya mafundi. Jioni unavuta liva mpaka kwenye mpini, unaifunga kwa kipande cha blada, ule mpira wa ndani wa gurudumu, unaiacha hivyo hadi asubuhi. Wanasema hewa iliyojificha hupanda polepole na kutokea juu kwenye kikopo cha oili. Baba aliifunga kila siku mara tu baada ya sala ya jioni, amina haijakauka mdomoni, mpaka mimi nikaamini kwamba ni sehemu ya sala. Asubuhi aliifungua, akafinya, akasimama kidogo akisikiliza mkono wake.

"Afadhali," angesema. Lakini uso haukusema afadhali.

Oili ya breki ina tabia moja mbaya: inakula rangi. Baba alidondosha kidogo kwenye tangi Jumamosi moja, hakuona, na asubuhi tukakuta rangi nyekundu imevimba na kujikunja, chini yake kukiwa na bati tupu. Mama alisikitika kuliko hata alivyosikitikia sahani zake zilipovunjika. Kutoka siku hiyo tulijua sote kwamba oili ile ni kitu cha kuogopwa. Kwa hiyo madoa yalipoanza kuonekana kwenye mkono wa kulia wa Baba, moja juu ya kifundo, jingine karibu na kiwiko, meupe meupe kama ngozi iliyofutwa kwa raba ya shule, hakuna aliyejiuliza mara mbili.

"Si nilikwambia uvae glavu?" Mama alisema. "Ona sasa. Oili imekula mkono."

"Ni kweli," Baba akajibu, akiugeuza mkono kwenye mwanga wa dirisha. "Hii kitu ni kali."

Akapakwa mafuta ya kukamulia ng'ombe, yale ya kopo, kila jioni. Madoa hayakuwasha wala hayakuuma, na jambo hilo lilitufariji. Kitu kisichouma, tuliona, si ugonjwa. Na kwa kuwa breki haikupona, alizidi kuifungua, na kadiri alivyozidi kuifungua ndivyo oili ilivyozidi kummwagikia, na madoa yalivyozidi kupanuka. Ungeniuliza ningekuambia yote kwa mpangilio. Kila kitu kilieleweka. Nimekuja kuogopa sana mambo yanayoeleweka haraka namna hiyo.

Mimi nilikuwa na furaha yangu ya siri. Nilikuwa nimegundua kwamba Baba hasikii moto. Alitoa sufuria ya ugali jikoni bila kitambaa, akatembea nayo mpaka mezani, akaiweka polepole. Kaa la moto likianguka kutoka kwenye jiko aliliokota kwa vidole vya mkono wa kulia na kulirudisha, akiendelea kuzungumza. Mama alipokuwa ametupa mgongo, mimi nilikuwa nikitazama. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba baba yangu ana nguvu za kushika moto. Mmoja akasema baba yake ana lori. Nikamwambia lori hata mjinga anaweza kununua. Wakati mwingine Baba aliamka na lengelenge kwenye kidole akalitazama na kuuliza, "Na hii imetoka wapi?" Mimi nilidhani anajishusha tu, kama watu wakubwa wanavyojishusha wakisifiwa.

Abiria walianza kumkwepa. Alikuwa akifunga breki kwa nguvu, pikipiki inakwama ghafla, mtu anamgonga mgongoni kwa paji la uso. Mama mmoja aliyebeba kuku alishuka katikati ya njia, akasema heri atembee. Pale steji wakamtania: "Wafula, unafinya breki ama unakamua ng'ombe?" Aliyasimulia hayo nyumbani kwa sauti ya chini, bila hasira, na Mama akaacha kukoroga uji.

"Kama hiyo breki ni mbaya, watoto wasipande," akasema.

"Wataenda shule na nini?"

"Watatembea. Wenzao wanatembea."

"Na mimi nitabeba wengine nikiwaacha wangu kwa sababu gani? Watu wakiona sibebi watoto wangu, nani atapanda?"

Hapo ndipo jambo lilipokuwa. Mama aliogopa kwamba asubuhi moja breki ingekataa nasi tukiwa juu. Baba aliogopa vilevile, lakini aliogopa pia kukaa chini bila kazi, na katikati ya hofu hizo mbili alichagua kufinya kwa nguvu zaidi. Mama hakumshinda. Akawa anatusindikiza mlangoni kila asubuhi, anavuta zipu ya sweta ya Barasa hadi shingoni, anabaki amesimama mpaka tunapinda kona.

Asubuhi yenyewe mvua ilikuwa imenyesha usiku na jua limetoka mapema. Barabara yetu ya murram ilikuwa na changarawe iliyosombwa na maji ikalundikana karibu na mahali inapokutana na lami. Barasa alikuwa akiimba wimbo wa nasari juu ya tangi. Mkokoteni wa magunia ya mahindi ukatokea upande wa kushoto, mwenye kuuvuta akikimbia mbele yake kwa uzito wa mteremko, asiweze kuuzuia. Nilihisi mgongo wa Baba ukikaza.

Alifinya breki ya mbele kama mtu anayeamini kwamba hakuna kitu pale. Na kulikuwa na kitu. Breki ile ilikuwa nzima kuliko breki yoyote iliyopita barabarani Kitale asubuhi hiyo. Ilikuwa na pedi mpya, raba mpya, oili mpya, haikuwa na hewa hata ya kujaza sindano. Gurudumu la mbele likasimama papo hapo juu ya changarawe, mpini ukajikunja, na sisi tukaenda chini upande wa kulia.

Mimi nilirushwa kwenye nyasi. Nilipoinua kichwa nilisikia Barasa akilia, mguu wake ukiwa chini ya pikipiki, na Baba amekwisha kusimama. Hakukuwa na muda wa kuchagua pa kushika. Alishika mpini kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akashika bomba la ekzosi, akanyanyua. Kulikuwa na sauti ndogo, kama ya kitunguu kikiingia kwenye mafuta. Kisha harufu. Mtu wa mkokoteni alikuwa ameacha magunia yake anakuja mbio.

"Mkono! Mzee, mkono wako unaungua! Achilia!"

Baba hakuachilia. Alishikilia mpaka mwanamke mmoja akamvuta Barasa akatoka. Nami, Mungu anisamehe utoto, nilijaa fahari. Damu inanitoka gotini, ndugu yangu analia, lakini nilitaka wenzangu wa shule wawe pale waone. Ndipo yule wa mkokoteni akamkamata Baba kwenye kiwiko na kuuvuta mkono kutoka kwenye bomba, na ngozi nyingine ikabaki. Baba aliuinua mkono wake, akaugeuza mbele na nyuma, akautazama kama mtu anayekagua nguo ya mtumba kabla ya kuinunua. Nilimwona usoni. Fahari yangu yote ikaniisha palepale, nikaanza kulia kwa sauti kubwa kuliko ya Barasa.

Hospitalini walimfunga Barasa plasta kuanzia nyonga. Mama alikuja akikimbia, kitambaa cha kichwa kikiwa mkononi. Baba aliketi kwenye benchi, mimi ubavuni mwake, na daktari, mwanamke mwenye miwani na uchovu mwingi, akaanza kusafisha mkono ulioungua. Aliendelea hivyo kwa muda, kisha akasimamisha kazi.

"Mzee, huumwi?"

"Hapana, daktari. Kidogo tu huku juu."

Daktari akaitazama mikono yote miwili, akayatazama madoa. Baba akamweleza kuhusu oili ya breki, kwa adabu na kwa kirefu, jinsi inavyokula hata rangi ya tangi. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kipande cha pamba, akakisokota mpaka kikawa chembamba.

"Funga macho. Nikikugusa, sema ndio."

Baba akafunga macho. Daktari akagusa doa lililo karibu na kiwiko. Akagusa lile la kifundo. Akapitisha pamba kwenye kidole kidogo, na cha pembeni yake, na ukingoni mwa kiganja. Alirudia, taratibu. Mimi nilikuwa nikitazama, nikimngoja Baba aseme, nikadhani amelala. Mama alikuwa amesimama nyuma yao na mkono wake mdomoni.

"Anza basi, daktari," Baba akasema, macho yamefumbwa. "Mimi niko tayari."

Hakuna kitu nilichosikia maishani kilichoniuma kama sentensi hiyo. Wakati ule sikuielewa, lakini nilijua imeharibu kitu, kwa sababu Mama aligeuka akatazama ukuta.

Daktari aliutaja ugonjwa kwa upole, ukoma, akasema huo ndio ulioweka madoa na kuua mishipa ya fahamu ya mkono, si oili. Akasema una dawa. Akasema akiisha kuanza kuzimeza hataambukiza mtu, na sisi sote tutaangaliwa ngozi. Alisema pia kwamba pale mkono ulipokufa hapatarudi. Alikuwa anazungumza bado, nami nikahisi kola yangu ikivutwa kutoka nyuma. Ni Mama. Aliniondoa ubavuni mwa Baba kwa nguvu mpaka kitufe kikadondoka, kisha akaona alilofanya akaniachilia, lakini hakunirudisha. Baba alisogea mwenyewe mpaka mwisho wa benchi.

Hakuna aliyetufukuza kwenye ploti, ile safu ya vyumba tulimopanga. Ningependa kusema walitufukuza, ningekuwa na mtu wa kuchukia. Walichofanya ni kuacha nafasi. Kwenye mfereji, ndoo ya mtu aliyekuwa nyuma yetu ilikaa mbali kuliko zamani. Watoto waliitwa ndani kula wakati si wa kula. Wenzake Baba wa steji walikuja kumjulia hali wakaishia langoni, wakapiga honi, wakapunga mikono. Njoroge peke yake ndiye aliyeingia. Aliketi kwenye kiti cha Baba, akanywa chai yetu, akaomba nyingine. Alikuwa ameikagua pikipiki kule ilikopelekwa baada ya ajali.

"Wafula, breki yako haikuwa na shida," akasema, akiangalia sakafu.

"Najua, Njoroge."

"Si ungesema tu mkono haukuwa sawa?"

"Na mimi ningejuaje? Mkono wangu nimekaa nao maisha yangu yote. Breki nimeijua juzi."



Plasta ya Barasa haijatoka, Mama alitufungia nguo kwenye gunia akatupeleka kwa mama yake, Kukhu, kule Sirisia. Alisema ni kwa ajili ya shule, kwa sababu hakuna wa kutupeleka. Alikuwa amemsikia daktari kama sisi wote. Alijua kwamba dawa imeanza, kwamba hakuna tena hatari. Alitupeleka hata hivyo, akabaki huko nasi, na Baba akabaki Kitale na chumba chake. Nilimchukia kwa hilo miaka mingi. Sasa nina watoto wangu, na hasira imeisha makali, lakini haijaisha yote, wala sitadanganya kwamba imeisha.

Kule Sirisia nilikuwa bado na yangu kichwani. Neno la daktari lilikuwa la daktari. Mimi nilikuwa nimeiona oili ikila tangi kwa macho yangu. Niliamini kwamba ikisuguliwa vizuri itatoka, na kwamba Baba anaiosha mwenyewe kwa mkono wa kushoto na haimudu. Nikawa naiba vipande vya sabuni ya mche wa Kukhu, navificha ndani ya soksi. Mama alipokwenda Kitale kumwona nilimpa soksi yote ampelekee. Alifungua, akaona, akaifunga tena, akaenda nayo. Aliporudi hakuniambia Baba alisema nini, nami sikuuliza.

Baba alikuja kutuona baada ya kumaliza dawa za mwaka mzima. Ilikuwa siku ya soko na jua kali, lakini alivaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo hadi mwisho. Dawa zilikuwa zimemtia weusi usoni, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja vikakataa kunyooka. Alisimama mbali na mlango akatusalimia kwa kuinua mkono wa kushoto. Barasa, aliyekuwa anachechemea sasa na atachechemea maisha yake yote, alijificha nyuma ya sketi ya Mama. Hakumkumbuka vizuri.

Kukhu alimtolea kiti nje. Watu wengine wote siku ile walikaa ndani. Akamletea chai kwenye kikombe cha plastiki ambacho sikuwahi kukiona kikitumiwa na mtu, akakiweka kwenye kigoda, akarudi nyuma.

"Asante, mama," Baba akasema, kwa sababu ndivyo mkwe anavyosema.

"Karibu, Wafula. Safari ilikuwaje?"

"Ilikuwa nzuri tu. Mvua hakuna huko njiani."

Akaeleza kwamba pikipiki ameiuza, kwamba amepata kazi ya kulinda ghala la mahindi. Mama aliuliza kama pana baridi. Akasema si sana. Walikuwa wanazungumza kama watu waliokutana kwenye foleni, nami nilikaa kizingitini nikisubiri mmoja wao aseme finya, au shikilia, au neno lolote lenye uzito. Alimaliza chai yake. Aliangalia mahali pa kuweka kikombe kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, kisha akakirudisha kwenye kigoda kilekile.

"Msindikize baba yako," Mama akaniambia. "Mpaka barabarani tu. Usivuke."

Tulitembea, yeye upande mmoja wa njia, mimi upande mwingine. Kila nikimsogelea alisogea. Tulipofika barabarani, magari ya soko yalikuwa yanapita kwa fujo na pikipiki zikipenya katikati yao, na yeye alitakiwa kuvuka kwenda upande wa pili. Akasema, "Haya, mama, rudi sasa." Sikurudi. Nilimwendea, nikaingiza mkono wangu ndani ya mkono wake wa kulia, ule uliokuwa na kovu la bomba, kabla hajapata nafasi ya kusogea.

Alisimama kama aliyepigwa. Kisha akainama akatazama mikono yetu, kwa sababu bila kutazama hakuwa na njia ya kujua.

"Nimekushika?" akauliza.

"Umenishika, Baba."

"Sawa sawa?"

"Sawa sawa."

Hakuamini. Akafinya, akatazama, akafinya zaidi. Kwa kuwa macho yake yalikuwa mkononi, mimi ndiye niliyeangalia magari. Nilipoona nafasi nikasema twende, tukaenda, na katikati ya barabara akauliza tena kama bado amenishika. Vidole vyangu vilikuwa vimepandana ndani ya mkono wake vikiuma hadi machozi yakanitoka. Niligeuza uso upande wa migomba asije akaniona, maana angeniachilia.